Siku Kadi Yangu Ilipodondoka Uani kwa Balozi

Jamani, aibu niliyoipata uani kwa Balozi Likomba naijua mwenyewe, na ningeiacha ipotee taratibu kama Mama Tatu asingekuwa anaisimulia vibaya kila asubuhi anapokaanga vitumbua vyake (mara anasema nililia, mara nilizimia, na juzi nimesikia eti nilikimbia mpaka Mbagala). Sikulia, sikuzimia, wala sikukimbia. Nilianguka tu, basi, ila niliangukia meza ya serikali. Mie kuandika kwangu ni polepole, tangu nimalize darasa la saba nimeshika patasi kuliko kalamu, lakini nimeona bora niiandike mwenyewe kuliko kuandikiwa na Mama Tatu.

Kwetu ni Temeke, huku nyuma karibu na karakana ndogo ambako mie na mjomba wangu Chande tunachonga vinyago na masanduku. Balozi wetu wa nyumba kumi ni Mzee Likomba, mtu wa kwetu kusini, mpole lakini akikutazama unakumbuka makosa yako yote. Ana binti anaitwa Somoe. Nikimtaja Somoe mnisamehe, hata hapa kwenye karatasi mkono unakwama. Somoe ndiye aliyekuwa akiwafundisha kisomo akina mama wa nyumba kumi, jioni, ubao ukiwa umeegemezwa kwenye pipa la maji, na Mama Tatu ambaye zamani alikuwa akiweka kidole gumba penye sahihi, sasa anasoma mpaka maandishi ya gunia la unga kwa sauti barabarani. Mie nilikuwa napita pale kila jioni kuazima msumeno. Misumeno tunayo mitatu karakana, lakini nilikuwa naazima.

Sasa siku moja Balozi akapita nyumba kwa nyumba kututangazia mkutano. "Kila mtu mzima afike," akasema, "atakuja afisa kutoka mjini. Safari hii serikali haiji kuhutubia, inakuja kuuliza." Mjomba akacheka akisema hajawahi kuona serikali ikiuliza kitu isichokijua, akabaki karakana kumalizia sanduku la mteja. Nikaenda peke yangu. Nilivaa shati jeupe.

Uani kulikuwa kumejaa. Wazee walikuwa kwenye viti, akina mama kwenye mikeka, na sie wengine kwenye benchi refu lililoazimwa madrasa, lile ambalo miguu yake imeingia ndani mno, na kila aliyesoma pale anajua kwamba ukikaa mwishoni lazima wa upande wa pili naye atulie. Mie, kwa aibu zangu, nikakaa mwishoni kabisa. Upande wa pili akakaa Rajabu, fundi baiskeli, na mkewe, na mtu mwingine akajibanza nao. Mbele yangu tu, hatua chache, ilikuwa meza ya mgeni, na nyuma ya meza karai la maji la kuoshea vikombe.

Balozi akafungua kwa "Uhuru!" tukajibu "Na kazi!" kisha akasimama afisa. Nilidhani atakuwa mzee wa tumbo na miwani. Kumbe ni dada, hajafika hata miaka thelathini, amevaa gauni la kitenge na viatu vya vumbi kama vyetu, anaitwa Ndugu Aikande, na lafudhi yake ya milimani. Kwanza akawaamkia wazee wote shikamoo, mmoja mmoja, hakuruka hata yule bibi aliyekuwa amesinzia. Watu wakamtazama vizuri kuanzia pale.

Akatueleza kwamba serikali inataka kuhesabu watu na kujua wanaishije, ili ijue pa kuweka bomba la maji, shule na zahanati. Mjini kuna mashine kubwa inayosoma kadi zenye matundu. "Ile mashine haibebeki," akasema, "kwa hiyo nimewaletea mdogo wake." Akatoa kifurushi cha kadi, na sindano ndefu ya chuma kama ya kufumia masweta. Kila kadi ilikuwa na matundu yamepangwa pembeni, na kila tundu lina swali lake: mwanamume, mwanamke, kijana, mzee, umesoma, unafanya kazi ya mikono, una mtoto, na kuendelea. Kama jibu ni ndiyo, unalikata tundu mpaka ukingoni, linakuwa pengo. Ukishapanga kadi zote pamoja na kupitisha sindano kwenye tundu moja, ukiinua na kutikisa, zenye pengo zinadondoka, nyingine zinabaki zinaning'inia.

"Leo ni majaribio tu," akasema. "Tunataka nyie mtuambie, maswali gani yafaa kuulizwa na yapi hayafai. Jina halitaandikwa. Kadi haina jina, kwa hiyo kuweni huru."

Kuweni huru! Maneno hayo ndiyo yaliyoniponza.

Tukapewa kadi, na vile vikoleo vya kutobolea kama vya makondakta wa treni vikapitishwa mkono kwa mkono. Waliokuwa hawajui kusoma, Somoe aliinama akawanong'oneza maswali sikioni, akageuza uso wakati wanakata ili asione. (Hilo hakuna aliyemwagiza. Nililiona, nikazidi kuwa na hali mbaya.) Mie nikakata ya kwangu taratibu, mwanamume, kijana, darasa la saba, kazi ya mikono, nikafika tundu la mwisho: *Unakusudia kuanzisha kaya yako mwaka huu?*

Nikakaa nalo hilo tundu. Mjue kwamba tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Mjomba hakuniuliza, rafiki hawakuniuliza, na mie si mtu wa kusema kisichoulizwa. Leo serikali, na ukubwa wake wote, imetoka mjini na vumbi lile kuja kuniuliza mie Selemani kama nataka kuoa. Na jina halipo. Nikakata. Nikakata vizuri kabisa, kama fundi.

Kadi zikakusanywa, za wanaume fungu lake, za wanawake fungu lake. Ndugu Aikande akasema, "Haya, ziulizeni kadi." Basi ikawa raha. "Tupe wenye watoto!" Sindano ikapita, kadi zikamwagika, watu wakapiga makofi. "Tupe waliosoma!" Zikadondoka chache, wazee wakatikisa vichwa, mmoja akasema kumbe tuko nyuma, shule ya watu wazima iongezwe siku, na Ndugu Aikande akaliandika hilo pale pale. Kila mtu aliyesema aliandikiwa, akasomewa alichosema, akaulizwa, "Ndivyo?" Sijapata kuona. Bibi aliyesinzia akaamka akasema asiulizwe umri, kwa sababu yeye mwenyewe haujui na kukisia mbele ya wakwe ni aibu, na hilo nalo likaandikwa.

Halafu Balozi Likomba mwenyewe, baba yake Somoe, akainua mkono kwa nia njema kabisa. "Mie nataka kujua hilo la mwisho. Yupo kijana anayekusudia kuanzisha kaya? Kama yupo tujue, tumtafutie kiwanja."

Sindano ikapita kwenye fungu la wanaume, ikainuliwa, ikatikiswa.

Ikadondoka kadi moja.

Moja tu, jamani. Ikatua mezani peke yake. Ndugu Aikande akanyoosha mkono airudishe haraka, nafikiri yeye aliona kabla yetu, lakini Mama Tatu alikuwa ameshainama juu yake na kisomo chake chote.

"Ki-ja-na," akasoma mapengo, kidole juu ya kadi. "Amesoma. Kazi ya mikono." Akainua kichwa. "Vijana wa kazi ya mikono waliosoma, hapa uani ni wawili tu. Rajabu na Sele."

"Mie nimeoa!" Rajabu akapiga kelele. "Mke wangu huyu hapa pembeni yangu! Mke wangu, waambie!"

"Kama ni yake leo atalala karakana," mkewe akasema.

Uani kukaangua kicheko, na vichwa vyote vikanigeukia. Na mtu mmoja nyuma huko, sitamsahau, akasema kwa sauti ya mtu aliyegundua kitu, "Kumbe ndiyo maana msumeno wa Balozi haukai nyumbani!"

Lazima mnielewe hapo. Kwetu kijana hajisemei. Ukimpenda binti wa watu unamwambia mjomba, mjomba anatafuta mshenga, mshenga anakwenda kwa adabu na kuzunguka kwanza habari za mvua na mihogo, ndipo anafika kwenye neno. Mie nilikuwa nimepeleka posa mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya nyumba kumi, kwa sindano ya serikali, tena aliyeiitisha ni baba mtu. Balozi alikuwa amekaa ananitazama. Nikayakumbuka makosa yangu yote.

Ingeishia hapo ningenyamaza, nikapona. Lakini Mama Tatu akawa amelewa ujuzi. Akaikamata sindano. "Sasa tuwaulize wanawake! Tuone kama huyu bwana ana mwenzake!" Ndugu Aikande akasema, "Hapana, mama, niachie," lakini sindano ilikuwa imeshaanza kuingia kwenye tundu la mwisho la fungu la pili.

Nikamtazama Somoe. Alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Alikuwa hacheki. Alikuwa ameganda, macho kwenye lile fungu, kama mtu anayeangalia mtoto akivuka barabara. Nilielewa kitu kimoja tu, kwamba ikidondoka kadi yake ni aibu, na isipodondoka ni aibu, na yote mawili nimemletea mie. Nikasimama niseme "Jamani, basi."

Nilisahau benchi.

Niliposimama, upande wa Rajabu ukashuka na watu wake, upande wangu ukapanda kwa kasi ukanipiga nyuma ya magoti, nikaruka mbele mikono imenyooka kama naogelea, nikakumbatia meza, meza ikanikubali, tukaenda chini wote. Kadi zikapaa. Za wanaume na za wanawake zikachanganyika vumbini, na fungu alilokuwa nalo Mama Tatu likatumbukia lote kwenye karai la maji ya vikombe. (Watu wengine mpaka leo wananipongeza kwamba nilifanya makusudi kumwokoa binti wa watu. Nawashukuru, lakini lilikuwa benchi.)

Nikawa nimelala pale, shati jeupe limekwisha, mkono mmoja juu umeshika mguu wa meza. Nyuma yangu Rajabu yuko chini anamuuliza mkewe kama ameumia, mkewe anamjibu kwamba kwanza aeleze habari ya kadi. Kicheko hakina mfano. Kisha nikasikia sauti ya Balozi, ile ya mkutano.

"Kimya! Ndugu Selemani amesimama na amenyoosha mkono. Ameomba nafasi. Apewe."

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisaidia au ananimaliza. Nilikuwa sijawahi kusema mkutanoni hata siku moja. Nikakaa, nikafuta mdomo vumbi.

"Mie," nikasema. "Mie naomba lile tundu la mwisho lizibwe." Wakaanza kucheka tena, nikaendelea tu, maana nikinyamaza sirudi. "Mmesema kadi haina jina. Kweli haina. Lakini sie huku ni wachache, tunajuana. Mmeuliza maswali matatu tu, mkanijua. Mie nimeshaaibika, inatosha. Lakini mtu mwingine hakuomba kujulikana."

Hakuna aliyecheka. Ndugu Aikande alikuwa amepiga magoti vumbini anaokota kadi. Akaacha kuokota, akatafuta kalamu yake, akaandika pale pale juu ya goti, akanisomea neno kwa neno kama alivyowasomea wazee. "Ndivyo?"

"Ndivyo," nikasema.

"Ofisini tulidhani siri ni jina," akasema, na hakuona haya kulisema mbele ya watu wote. "Hili nitalifikisha. Kosa ni letu, ndugu yangu, si lako." Kisha akaomba kadi zote, kavu na mbichi, akazihesabu zisibaki, akazitia mwenyewe kwenye jiko la chai zikaungua mbele yetu. Zile mbichi zilitoa moshi mwingi. Mama Tatu, namsifu kwa hilo ingawa simsamehe, alisimama akasema na yeye aandikiwe: sindano isiguswe na mtu wa mtaa hata kama amesoma.

Mkutano ulipofungwa nilikuwa natafuta njia ya nyuma, Balozi akaniita. Nikamwamkia shikamoo upya, sijui kwa nini.

"Marahaba. Mjomba wako hajambo?"

"Hajambo, baba."

"Miguu haimsumbui?"

"Haimsumbui."

"Basi anaweza kutembea mpaka hapa." Akachukua msumeno ukutani, akanipa. "Mie macho yangu mabovu siku hizi. Kadi yoyote leo sijaiona."

Mjomba nilipomweleza alitupa patasi. "Posa gani inatangulizwa na serikali? Sasa mshenga akaseme nini, nimekuja kuthibitisha?" Lakini alikwenda, na mshenga, wakazunguka mvua na mihogo kama inavyotakiwa, na Balozi akasikiliza yote kwa mshangao kama mtu asiyejua lolote.

Karani wa kuhesabu alipokuja kweli kweli, alitukuta mie na Somoe katika chumba chetu. Aliuliza mengi, na lile swali la mwisho halikuwemo. Sisemi ni kwa ajili yangu. Yule bibi naye hakulazimishwa kutaja umri, karani aliandika alivyoambiwa, "mzee sana". Nikamwaza yule dada wa milimani kwenye meza yake mjini, ana karatasi yenye maneno yangu na vumbi la uani kwa Balozi.

Nimeapa sitakaa tena mwisho wa benchi la madrasa, na sitakata tundu ambalo siwezi kulisema kwa mdomo. Lakini kuna jambo bado linanisumbua, na usiku mmoja nikajikaza nikamuuliza mke wangu, siku ile, kadi yake kabla ya kuungua, tundu la mwisho alilikata au hakulikata?

Somoe akaendelea kukunja khanga.

"Hiyo," akasema, "ni siri yangu na serikali."