Samli kwenye Viatu vya Mjomba

Kwa nini mtu aitwe kucheza mpira Dar es Salaam, akatae? Shuleni waliniuliza mimi, kwa kuwa mtu huyo, kiungo wa timu yetu, alikuwa mjomba wangu.

Leo nimefungua kopo la samli na jiko langu lote likanuka viatu vya mpira vya mjomba. Vilikuwa vya mtumba, ngozi ngumu, na jioni ile alipoitwa, mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda akivilainisha kwa samli huku bibi akisonga ugali wa ulezi. Mgeni aliyetoka Dar kuja kumchukua alivaa miwani ya jua humo humo ndani.

“Gari linaondoka kesho, mshikaji,” alisema. “Ukibaki huku utampigia nani pasi?”

Mjomba alinyoosha kiatu kuelekea mlangoni. Hapo alisimama winga wetu wa kushoto, kijana wa wafugaji waliohamia kutoka Usukumani, aliyetuletea ile samli. “Huyo.”

“Huyo hata salamu anaitikia kwa Kisukuma,” bibi alisema.

“Pasi anaitikia vizuri.”

Tulicheka wote. Mgeni alikula akashiba, kesho yake akaondoka peke yake. Mjomba aliichezea timu yetu mpaka magoti yakamkatalia. Watu walisema ni mapenzi ya timu, jibu ambalo halikuwahi kunitosha.

Nilishamaliza chuo kikuu winga yule aliponiambia kwamba jicho lake la kushoto halijawahi kuona, na kwamba katika timu nzima aliyejua ni mjomba peke yake, aliyekuwa akimpigia kila mpira upande wa jicho zima.