Maneno Yaliyokwama Kinywani

Kazini walimwita Nukta, kwa ukali wake. Ukisahau nuktamkato mwisho wa amri, alikurudishia programu yote kama mwalimu wa darasa la kwanza. Ndiye aliyeandika, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, programu ya kuongoza mtambo wa oksijeni wa hospitali.

Asubuhi moja mtambo ukazimika. Fundi akauwasha, ukanguruma kidogo, ukanyamaza tena.

"Mashine ni nzima," fundi akamwambia. "Inayokufa ni programu yako."

Simu ikaita. Alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, muuguzi wa wodi ya watoto njiti.

"Wifi, watoto wako kwenye mitungi ya akiba. Haifiki adhuhuri."

"Nipe muda kidogo."

"Huo muda ndio sina, wifi yangu."

Nukta akavuta kiti. Katika programu akapachika printf, amri ya kuandika maneno kwenye skrini, baada ya kila hatua: nimefika kwanza, nimefika pili, nimefika tatu. Maneno yatakapokatika, ndipo penye ugonjwa.

Akaiendesha. Ikafa, na skrini haikuonyesha hata "kwanza".

Basi ugonjwa uko mwanzoni kabisa, akawaza. Akapekua mistari ya mwanzo, fundi akachomoa nyaya na kuzirudisha. Wapi! Mwishowe akaweka printf juu kabisa, kabla programu haijafanya lolote. Bado kimya.

"Haiwezekani," akasema. "Mtu hafi kabla ya kuzaliwa."

Hapo akashtuka. Akajipiga paji la uso.

"Imesema! Imesema yote, ila maneno hayajatoka!"

Kwa haraka yake alisahau alama ya kumaliza mstari. Bila alama hiyo, printf haipeleki maneno kwenye skrini papo hapo. Huyaweka kwanza akibani. Programu ilikuwa ikikata roho na maneno yake kinywani.

Akaongeza alama hiyo, \n, kwenye kila printf, vidole vikigongana. Akaendesha tena. Kwanza. Pili. Tatu. Kisha kimya.

Hatua ya nne ilikuwa kuweka kwenye jedwali namba za vipimo vya presha vilivyofungwa mtamboni.

"Umegusa vipimo?" akauliza.

Fundi akaelekeza kidole mtamboni. "Jana nilifunga kimoja kipya."

Jedwali halikuwa na nafasi ya namba zake, ndipo programu ilipokuwa ikifia. Nukta akalipanua, akaendesha. Mtambo ukanguruma. Wakausikiliza bila kupumua. Safari hii haukunyamaza.

Simu ikaita. "Oksijeni imerudi, wifi," sauti ikasema. "Wote wazima."

Alipofika wodini, wifi yake alimzuia mlangoni.

"Hata kama umeokoa dunia, nawa mikono kwanza."

Nukta akacheka, akafungua bomba, lakini sabuni ikamponyoka mara mbili. Wifi yake akaiokota, akaishika ile mikono chini ya maji, akamnawisha taratibu kama mtoto.