Wanataka Nifutwe Kwenye Karatasi ya Yohana

(Msomaji huyu ni wa Njombe. Jina lake tunalo, hatutalitoa.)

Kamweneni wasomaji wa ukurasa huu. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na tisa, Mbena, Mlutheri, mke mmoja, watoto watano. Ni nyapara wa matangi katika kiwanda cha kupika magome ya miti ya miwati, tunatoa dawa ya kutengenezea ngozi. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na sita. Kuandika sijui. Anayeandika hapa ni mke wangu, na ananuna kwa sababu hakubaliani nami.

Kila mwaka chuo kikuu kimoja, mbali nje ya Tanganyika, hutuletea mwanafunzi akae miezi sita ajifunze kazi kwa mikono, ndipo apewe shahada. Bwana Mkubwa wa kiwanda hana nafasi naye. Husema tu, "Mpeleke kwa nyapara." Basi mimi ndiye mwalimu. Namfundisha kuni kiasi gani, moto uwe mkali lini, upunguzwe lini. Namfundisha kudondosha uji wa magome juu ya chuma baridi: ukipoa ukavunjika kama sukari guru, umeiva; ukivutika, rudi ukapike. Hilo halimo kitabuni. Nimelijua kwa kuungua.

Wa kwanza niliyemfundisha alirudi na shahada yake, akafanywa bwana msaidizi wetu. Leo ananiita "wewe nyapara" mbele ya watu niliowaajiri mwenyewe. Wageni wakija, anadondosha uji kwenye chuma na kuwaambia hiyo ni njia ya kitaalamu. Nasimama pale pale nikisikia. Asante ya punda mateke.

Mwaka huu akaja Yohana, mtoto wa mjane wa upande wa Makambako. Huyu ana adabu, lazima niseme. Alibeba magome mpaka mabega yakachubuka. Miezi sita ilipokwisha akajaza karatasi ya chuo. Penye "Aliyekufundisha" akaandika jina langu, akanisomea, nikaweka dole gumba. Jamani, nilifurahi. Siku ile nilimweleza mpaka mchungaji.

Karatasi ilikwenda na lori hadi Makambako, ikaendelea na safari yake. Ikarudi na barua ya chuo. Yohana alinisomea huku ameinamisha kichwa: mwalimu huyu hana cheti, miezi sita haihesabiki mpaka jina liwe la mwenye cheti. Mwenye cheti hapa ni nani? Bwana Msaidizi! Mtu ambaye miezi yote ile hakumwonyesha Yohana hata namna ya kuwasha moto. Naye akasema kwa wepesi kabisa, "Ilete, nitie sahihi. Kwani kuna shida gani?"

Jioni Yohana akaja kwangu, akakataa kiti.

"Baba, mwalimu wangu ni wewe. Bila ruhusa yako sifuti."

"Na nikikataa?"

"Nitarudia miezi sita, kama watanikubali tena. Mama nitamweleza."

Nilimfukuza. Ndiyo, nilimfukuza mtoto asiye na kosa, maana angefuta kimyakimya ningemchukia nikaendelea na maisha yangu. Sasa ameniwekea kisu mkononi, eti nikate mwenyewe. Dada zake wawili waliacha shule ili yeye asome. Nalijua hilo, na bado nina hasira.

Mke wangu anasema, "Mruhusu, baba Tumaini. Jina haliliwi." Nikamjibu, "Jina lako wewe halijaguswa." Tangu juzi tunasalimiana tu.

Nikikubali, shahada ya Yohana itasema alifundishwa na yule, mwakani wataniletea mwingine, na nitamfundisha tena kwa sababu matangi hayangoji. Nikikataa, mjane atalipia dharau ambayo si yake. Chuo kinafunguliwa mwezi ujao, Yohana ananipitia kila asubuhi, anasalimu, haulizi.

Nishaurini ninyi mnaosoma, na hasa ninyi wenye vyeti: nimwambie nini kijana huyu? Ila mtakaonijibu, anzeni kwanza kwa kutaja jina la aliyewafundisha kazi. Kama hamlikumbuki, msinijibu.