Mkunga Aliyeifungia Zumari

Ninayoandika hamtayaamini, ingawa hapa mjini Quimper, Ufaransa, sijawahi kumdanganya mtu, isipokuwa mke wangu. Mkunga wetu ana mikono midogo, na kabla ya kumgusa mzazi huipasha moto kwenye kikombe cha kahawa asichokunywa. Husema polepole, "Kaza. Shikilia. Haya, legeza." Mpwa wangu Nolwenn, tangu ajifungue, akicheka tu mkojo unamtoka, na Jumapili bendi inamtaka apulize zumari mbele ya kanisa. Mkunga akaichukua zumari, akaifungia mkobani mwake mpaka misuli ya chini inayozuia mkojo ipate nguvu. Leo, siku ya kumi ya mazoezi, ameitoa.

"Kaza kwanza, ndipo upulize."

Nolwenn akaitia zumari mdomoni. Mimi nilikuwa mlangoni, mtoto wake begani. Mkunga akamgeuzia mgongo, akatazama dirishani, asimwone akiaibika. Zumari ikalia. Nolwenn akajipapasa, kisha akajipapasa tena.

"Pakavu!"

Papo hapo nikampigia mumewe simu: "Bwana, vioo vya kanisa vimepasuka, njiwa sabini wameanguka, na meya anakuja mbio na—"

"Mjomba, punguza chumvi," mkunga akanikatiza. "Mwambie pakavu. Hiyo inamtosha."