Batri ya Foni na Ngoma ya Chama

Miaka ile ya chama kimoja nilikuwa mtumishi wa foni katika parokia yetu, kule Annexe, pembeni ya Lubumbashi, ambako nyaya za umeme hazikufika. Foni ni redio ya kusema na watu wa mbali. Wenzetu wengi asili yao ni kaskazini ya Katanga. Wazazi wao waliletwa na kazi ya migodi na reli, na barua ya kwenda kwao Kabalo ilichukua miezi. Kwa foni, mtu alisikia sauti ya dada yake asubuhi ileile.

Sauti hizo zilitegemea batri mbili kubwa. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha chochote, nilifungua vizibo nikavuta asidi kwa bomba la kioo lenye kielea ndani. Kielea kikisimama juu, batri imeshiba. Kikizama, hakuna kusema; tunangoja jenereta. Watu walinuna, lakini sikulegea. Batri ya namna ile ukiiacha iishiwe nguvu kabisa, hairudi kama zamani.

Ijumaa moja alikuja mkubwa wa chama wa mtaa wetu, na vijana na pikapu.

"Citoyenne," akaniita kichama, yaani mwananchi, "tunaomba batri. Kesho iko animation, ngoma ya chama, bantu batacheza. Tunahitaji vipaza sauti."

"Hii iko ya foni, baba. Haiwezi kutoka."

Alimtazama padri wetu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu.

"Ubape moya tu, mama," padri akasema kwa sauti ndogo. "Tusitafute maneno."

Walichukua ile nzuri. Ilirudi Jumatatu, ubavu umelowa, kizibo kimoja hakipo. Walikuwa wameitumia mpaka vipaza sauti vikanyamaza vyenyewe, kisha mtu akaijaza maji ya kisima. Niliichaji mpaka mafuta ya jenereta yakaisha. Ina vyumba sita vya asidi: katika vitano kielea kilipanda kidogo. Katika cha sita kilikataa kupanda.

"Mon père," nilimwambia padri, "hii iko mugonjwa. Tusiifunge pamoja na ingine. Itainyonya."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia. Kumbe nilipokwenda nyumbani aliziunganisha zote mbili, eti zisaidiane.

Asubuhi yake mama mmoja, muuza lengalenga, yaani mchicha, alikuwa ananingoja mlangoni. Jana yake tulikuwa tumeambiwa kwamba binti yake, huko Kabalo, anapata taabu kujifungua. Kielea kilikuwa chini. Niliwasha hivyo hivyo. Mwenzangu wa Kabalo alisikika kwa mbali:

"Lubumbashi! Bwana yake anaogopa bamupasue. Mama anasema nini? Tumupeleke hospitali?"

"Bamupeleke! Bamupeleke leo!" mama akapaza sauti kando yangu.

Nilibonyeza kitufe cha kusema. Taa ya redio ikafifia, ikazimika. Nikaachia, ikarudi; nikabonyeza tena, ikazimika: nguvu ilitosha kusikia, haikutosha kusema. Kabalo aliendelea kuita, "Lubumbashi, munanisikia?", na mama aliendelea kumjibu, mdomo kwenye maikrofoni, na neno lake halikuvuka ukuta wa chumba kile. Mwisho hata kusikia kukakoma.

Nilimshika mkono tukaenda kwa miguu hadi mtaa wa Ruashi, kwa mfanyabiashara mwenye foni yake. Tulipompata Kabalo, jua lilikuwa limepita utosi. Walikuwa wamempeleka wenyewe, baada ya kutungoja sana. Binti alipona. Mtoto alifia tumboni.

Mama yule alikaa chini, hakulia. "Kama bangesikia asubuhi..."

Hakuna anayeweza kuniambia kwamba ni batri iliyomwua mtoto. Wala hakuna anayeweza kuniambia kwamba siyo.

Nilimwambia padri maneno ambayo sikuwahi kumwambia padri yeyote. Baadaye mkubwa wa chama akarudi na pikapu yake kuomba batri tena, anacheka, anauliza habari za nyumbani. Nilisimama mlangoni.

"Kwanza wende kwa ule mama wa lengalenga, umwambie ngoma ilikuwa muzuri. Kisha urudie hapa."

"Unajua unasema na nani?"

"Najua sana."

Niliitwa ofisini kwao. Walinikalisha kwenye benchi kutwa nzima, wakaniambia mimi ni adui wa maendeleo, na parokia ikashauriwa kuweka mtu mwingine kwenye foni. Padri akamweka: mwanaume mmoja, mpole. Nasikia kila walipokuja kuomba batri, aliwasaidia kuipakia.