Usiguse Namba ya Chini

Naikumbuka Jumamosi moja, mwanangu, na ninachokisikia kwanza ni honi ya lori. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, likizo ikiishia, nami niko nyumbani Muleba nimetoka shamba la kijiji, mikono bado ina udongo. Lori la kahawa lilikuwa likipakia barabarani liende Bukoba. Rafiki yangu Deusi alishapata nafasi juu ya magunia. Tulitaka kuiona meli ya Mwanza ikifika.

Lakini mwalimu wa kemia alikuwa ametuachia mazoezi. Jumatatu, asiyeonyesha kazi yake hatua kwa hatua angeondolewa darasa la sayansi. Nami niliitaka sayansi kuliko chakula. Ndiyo njia niliyoiona ya kunitoa kijijini.

Nikaandika mbio mbio. Zoezi la mwisho: haidrojeni iungane na oksijeni, yapatikane maji. Oksijeni kushoto mbili, kulia moja. Nikachomeka mbili ndogo chini ya ile ya kulia. Zikalingana! Nikafunga daftari, nikavaa shati.

Dada Adventina, aliyekuwa akisomea uuguzi, akalifungua lile daftari.

"Haya ni maji?"

"Si yamelingana?"

"Waitu! Kwa hiyo mbili uliyoichomeka chini, hii si maji tena, ni dawa ya kuoshea vidonda, ile inayotoa povu. Mgeni akikuomba maji utampa hii?"

Nje, mluzi wa Deusi. "Wewe profesa, tunakuacha!"

Dada akavuta kikapu cha kahawa za kutafuna, zile tunazowapa wageni.

"Kaa. Tunda moja, punje ngapi?"

"Mbili."

"Oksijeni nayo hutembea mbili mbili. Wazee wakifunga undugu, kila mmoja hutafuna punje yake ya tunda lile lile. Hakuna inayotupwa. Punje hii imeingia kwenye maji haya. Ya pili je?"

"Inataka maji yake."

"Basi andika mbili mbele ya maji. Namba ya chini usiiguse. Haidrojeni sasa?"

Kulia zilikuwa nne, kushoto mbili tu. Nikaongeza mbili mbele, kushoto. Lakini roho yangu ilikuwa barabarani, na mkono ukapeleka punje mdomoni wenyewe.

"Umekula oksijeni yangu!" Dada akacheka mpaka akajifuta machozi. "Haya, anza upya."

Lori likaondoka. Hila ile nilikuwa nimeitumia karibu kila zoezi, nikayarudia yote. Jumatatu nikabaki darasa la sayansi. Deusi aliiona meli, na hajaacha kunisimulia.

Nimevuka miaka arobaini, mwanangu, nimehama miji mingi, na lori likipiga honi miguu bado inaniwasha. Ndiyo maana nakuambia: jambo lisipolingana, usiligeuze kitu kingine ili uwahi kuondoka. Rudi mstari wa kwanza. Hesabu tena, ongeza panaporuhusiwa.

Mungu akujalie utulivu ambao mimi bado nautafuta. Na siku lori lako likija, likukute umemaliza.