Waya Nilioung'oa Kabla ya Posa

Naona haya kulisimulia jambo hili, na kwa miaka kadhaa kila nilipoulizwa nilisingizia shimo la barabarani. Lakini watu wa Kilema, kijijini kwa wakwe zetu, wanalisimulia bila mimi, tena wanalitia chumvi, kwa hiyo ni afadhali mlisikie kwangu, kwa mpangilio wake.

Nilikuwa nikifundisha Kilatini seminarini, na gari langu lilikuwa dizeli kuukuu niliyouziwa na padri Mjerumani aliyekuwa akirudi kwao, lenye kile kifaa kinachoshika mwendo bila dereva kukanyaga mafuta, ambacho sisi tulikiita kruzi. Kruzi hiyo ilianza visirani: unaipa kilomita sabini, inashika, kisha gari likitikisika kidogo tu inaachia yenyewe, ukiiwasha tena inakubali, halafu inaachia tena. Alhamisi nikampelekea fundi Balbir, kalasinga mwenye gereji mjini Moshi, naye akainama chini ya usukani na kuigusa pedeli ya breki kwa kidole kimoja.

"Mwalimu, swichi ya breki imelegea. Gari likitikisika, swichi inadhani umekanyaga breki, kruzi inaachia. Lete Jumatatu niikaze."

"Jumamosi nina safari."

"Nenda. Kruzi usiwashe. Mguu unao."

Safari yenyewe ilikuwa ya kupeleka posa ya Deo, mtoto wa marehemu kaka yangu, ambaye mimi ndimi mlezi wake na ndimi niliyeteuliwa kuwa msemaji. Wakwe walikwisha kuturudisha mara mbili (mara ya kwanza tulichelewa, mara ya pili tulikwenda bila mjomba wa Deo), na Mzee Kasiani, baba wa binti, alituma neno kwamba ya tatu ndiyo ya mwisho. Tulitakiwa kufika kwa utaratibu, na mapipa ya mbege yamejaa, kwani wazee wasipoonja ile pombe ya ndizi na ulezi iliyotoka kwetu, mazungumzo hayafunguliwi.

Mtu mwingine angeiacha kruzi ipumzike. Mimi nilikuwa na kitabu cha gari cha Kijerumani, lugha niliyofundishwa na mapadri, na Ijumaa alasiri nikaketi nacho barazani, nikahitimisha kwamba ikiwa swichi inatoa ushahidi wa uongo, shahidi aondolewe. Nikaung'oa waya wake. Nikajaribu gari hadi Chekereni na kurudi, kruzi ikashika bila kuachia hata mara moja, nami nikalala nikijipongeza. Maelezo ya waya ule yaliendelea nyuma ya karatasi, sikuugeuza ukurasa.

Jumamosi nikatangulia, pembeni yangu Baba Mkubwa Aloisi, mzee wetu wa ukoo, na nyuma yetu Deo akiendesha pikapu yenye mapipa mawili, mjomba wake kando yake. Tulipokwisha kutoka mjini nikawasha kruzi, nikaurudisha mguu chini ya kiti.

"Mguu uko wapi?" akauliza Baba Mkubwa.

"Gari linajiendesha, Baba."

"Nani kaliambia tunakokwenda?"

Papo hapo njia panda ya Kilema ikatokea, na wakwe wamejipanga kando ya lami kutupokea. Nikakanyaga breki. Gari likapunguza mwendo, lakini injini ikanguruma na kuvuta mbele, kwani kruzi haikuwa na wa kuiambia kwamba nimekanyaga. Nikapapasa swichi ya kuizima, nikawasha waipa (siku kavu kabisa), nikawapita wakwe waipa zikiwapungia. Ndipo nikakanyaga kwa miguu yote miwili, gari likasimama ghafla. Waya ule ule ndio uliowasha taa za breki, kwa hiyo Deo hakuona taa yoyote. Akafunga breki hatua mbili nyuma yangu, hakunigusa, lakini mapipa yote mawili yalianguka, na mbege ikateremka juu ya lami hadi kwenye viatu vya wazee.

Shangazi wa binti ndiye aliyesema kwanza. "Mwalimu, wenyeji tuko huku. Au mmekuja kuiposa lami?"

Deo alisimama ameshika kifuniko cha pipa, hakunitazama. Nikamwendea Mzee Kasiani, nikamwamkia shikamoo mara mbili bila kujijua, nikakiri kwamba kosa si la kijana. Akataka kuuona waya. Nikapiga magoti kwenye vumbi, na suti yangu, nikamwonyesha.

"Fundi alisemaje?"

"Nisubiri Jumatatu."

"Siku nne zimekushinda," akasema taratibu, "na kijana wako amemsubiri binti yangu miaka miwili." Akayatazama mapipa. "Mje Jumamosi ijayo. Yajae. Na wewe ukae nyuma nayo, uyashike."

Balbir aliikaza swichi Jumatatu kabla chai yangu haijapoa. Jumamosi nikapita Himo nyuma ya pikapu, mkono mmoja kwa kila pipa, povu la mbege likipanda mikononi mwa koti, na wanafunzi wangu wawili wakanisalimia kwa Kilatini. Mzee Kasiani akaonja, akampitishia Baba Mkubwa, mazungumzo yakafunguliwa. Nilikatazwa kusema neno, na Deo akapewa binti.

Kruzi sikuiwasha tena hadi nilipoliuza gari lile. Nikikaribia lango la mtu naanza kukanyaga breki tangu mbali, na kitabu chochote nikishikacho, cha sala au cha gari, nageuza kwanza nione nyuma ya karatasi kuna nini.